Familia ya Thelathini na Tisa

Jumatatu, 12 Januari

Kikao cha walimu. Saa mbili nzima kwenye viti vya wanafunzi, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu Mkuu alikuwa na hoja moja tu, ila nzito. Mtoto akiwa darasa la kwanza, mzazi humbebea mkoba mpaka mlangoni. Akifika la sita na kuhamia jengo la juu, mzazi hupotea. Huonekana tena siku ya matokeo, mdomo wazi, akiuliza ilikuwaje.

Kwa hiyo mwaka huu wazazi watafutwe mapema. Ijumaa tarehe 30 kuna mkutano wa kwanza. Mwalimu atakayeleta familia nyingi zaidi ndiye atakayekuwa msimamizi wa mawasiliano na wazazi. Msimamizi atapewa chumba kilichokuwa stoo ya mipira. Chumba chenye mlango! Mlango wenye kitasa! Miaka kumi na minne nasahihisha madaftari kwenye kona ya maabara, nikibanana na kiunzi cha mifupa ambacho hudondosha mkono kila nikipiga chafya.

Mimi ni mwalimu wa Sita A. Familia thelathini na nane. Mpinzani wangu ni mwalimu wa Sita B, wanafunzi humwita Bi Pole. Neno kwake ni mpaka alazimike. Mtu wa namna hiyo atawaita wazazi kwa lipi? Mimi wananiita Mwalimu Tangazo. Nalipokea kama pongezi.

Binti yangu yuko darasani kwa Bi Pole. Orodha za madarasa nilizipanga mwenyewe mwezi uliopita, nikamweka huko ili watu wasiseme napendelea. Rafiki zake wawili wako kwangu. Atazoea wengine.

Jumanne, 13 Januari

Nimewaandikia wazazi barua. Kurasa nne, vipengele kumi na tisa. Kipengele cha saba kina (a) mpaka (h).

Nilimsomea mke wangu akiwa anapiga pasi sare yake ya uuguzi. Kufikia kipengele cha tano sare ilikuwa imekwisha na ameanza mapazia. Mapazia yetu hayajawahi kupigwa pasi. Akasema kwamba wagonjwa wake huwaambia mambo mawili tu, dawa ni hii na inywe mara ngapi, na wanapona. Nikamweleza kuwa elimu si vidonge. Akasema debe tupu haliachi kuvuma. Sijui alimlenga nani.

Binti alisimama mlangoni akauliza kama nina nafasi. Nikamwambia asubiri kipengele cha kumi na moja. Nilipofika huko hakuwepo.

Ijumaa, 16 Januari

Barua thelathini na nane zimekwenda. Zimerudi tano. Nne zina sahihi ya mkono mmoja, na mkono wenyewe naufahamu, ni wa mwanafunzi wa dawati la mbele. Bibi wa mtoto mmoja ametuma salamu kwamba karatasi zangu ni nzuri, zimekaa sawasawa chini ya mguu wa meza.

Barua ya Bi Pole nimeiona kwa mbali mikononi mwa watoto. Mistari mitatu na nafasi tupu! Hiyo ni barua au kikaratasi cha kumtuma mtoto dukani?

Sijakata tamaa. Nimechongesha mhuri, IMEPOKELEWA, wino wa bluu. Mhuri huleta heshima. Nimegonga vyote vilivyokuwa mezani shuleni, na jioni nikagonga hata karatasi zilizokuwa zimewekwa juu ya mkoba wangu nyumbani. Kazi safi. Sikuhitaji hata kuzisoma.

Jumatatu, 19 Januari

Nimeanzisha kundi la wazazi kwenye simu. Saa tatu asubuhi watu thelathini na moja. Nikajiona tayari nimeshika kitasa.

Saa nne mzazi mmoja akasalimia. Wote wakaitikia, mmoja mmoja. Saa tano mwingine akaweka picha za magodoro anayouza. Yule bibi wa mguu wa meza akatuma sauti ya dakika sita akimtafuta mwanawe aliyehama. Nikaandika kanuni ishirini za kundi. Watu kumi na wawili wakatoka. Nikaandika kanuni ya ishirini na moja, kwamba kutoka ni marufuku. Wakatoka wengine tisa.

Leo Bi Pole amenipigia simu mara mbili. Sikupokea. Najua anataka kunicheka, ila kwa upole.

Jumanne, 20 Januari

Nimempeleleza Bi Pole. Wakati wa mapumziko hukaa kwenye ngazi za nyuma na kitabu kidogo, anapiga simu. Familia mbili kwa siku, basi. Nilijificha nyuma ya tangi la maji. Nikamsikia akimweleza mama fulani kwamba mwanawe ndiye aliyefuta ubao bila kuambiwa, na kwamba ana mkono mzuri wa kuchora ramani. Kisha akauliza kama kuna jambo la nyumbani ambalo ingefaa alijue. Kisha akanyamaza. Akanyamaza sana! Kazi yake ilikuwa kusikiliza tu.

Hila za wazi. Anawapaka wazazi mafuta kwa mgongo wa chupa.

Akakata simu, akapiga nyingine. Mfukoni mwangu simu ikaanza kutetemeka. Nikaikandamiza kwa paja. Nadhani hakunisikia.

Jumatano, 21 Januari

Nimepata! Dawa ilikuwa kabatini miaka yote. Wito!

Hapa shuleni kuna karatasi ya pinki, nusu ukurasa. Mzazi unaitwa, fika bila kukosa. Haisemi sababu. Hutoka pale tu mtoto akifanya kosa kubwa. Mzazi akiiona huwa hata haisomi, anavaa viatu. Katika miaka kumi na minne sijaona wito uliopuuzwa.

Nikajaza thelathini na nane. Wafike Ijumaa hii, niwajue, niwatie moyo, nao tarehe 30 watarudi kwa mazoea. Karani wa shule alipoona rundo akaniuliza ni darasa zima limepigana au limechoma nini. Nikasema ni mawasiliano tu. Akasema wito si mawasiliano, wito ni wito. Karani naye, karatasi za watu humpa hofu.

Ijumaa, 23 Januari

Wamefika thelathini na sita kati ya thelathini na nane. Naandika hivyo kwanza kwa sababu ndiyo sehemu nzuri ya siku.

Saa mbili asubuhi uwanja ulijaa. Mama mmoja alikuja na mkoba wa mwanawe ambao ameukung'uta mpaka uzi. Baba mmoja, kabla sijafungua mdomo, aliomba radhi kwa dirisha. Dirisha lipi? Hakujua, alidhani lazima lipo. Mwanafunzi mmoja alikiri mbele ya wote kuvunja hadubini ambayo sikujua imevunjika. Wengi wa watoto walikuwa wamelia. Nikapanda kwenye kiti nikatangaza kwamba hakuna kosa lolote, nilitaka tu tufahamiane! Nilitarajia makofi. Mama wa mkoba akaanza kurudisha madaftari ndani, moja moja.

Mmoja hakuingia. Fundi wa kuchomelea vyuma, miwani ya kazi bado ipo kwenye paji la uso, amesimama nje ya geti. Nikamfuata. Akasema mara ya mwisho kuingia shuleni alikuwa na umri kama wa mwanawe. Baba yake alitangulia na karatasi ya rangi hii hii mkononi, na baada ya siku ile yeye hakurudi darasani tena. Akauliza binti yake amefanya nini. Nikamjibu hajafanya kitu, ni mtoto mzuri. Akaniuliza kwa sauti ndogo, basi kwa nini tangu jana binti hajasema naye.

Nikatoa kalamu, nikairudisha mfukoni. Nilitazama tu ile miwani.

Jumatatu, 26 Januari

Mwalimu Mkuu amenipa saa nzima, na hakuna dakika aliyoipoteza. Nizipigie familia zote simu niombe radhi. Nimeanza. Simu ya kwanza dakika nne, tatu nikikemewa.

Nyumbani binti amesema tumbo linamuuma, haendi shule. Nimesema ni maharage. Mke wangu akaniambia nimuulize vizuri, maharage hayajapikwa humu tangu mwaka mpya. Nimemwambia nitamuuliza nikimaliza orodha ya simu. Akasema mganga hajigangi, akaenda zamu.

Nina simu sita za Bi Pole ambazo sikuzipokea. Zitakuwa za pole. Sizitaki.

Jumatano, 28 Januari

Leo Bi Pole amenifuata mwenyewe maabara. Hakuja kama mwalimu mwenzangu. Akasema, kwa ile sauti yake, kwamba anaomba kuonana na baba wa mwanafunzi wake. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo baba. Nyuma kulikuwa na kiunzi cha mifupa peke yake.

Darasani kwake akanikalisha mbele. Kiti kidogo, magoti kidevuni. Kwanza akaniambia kwamba binti yangu anaelewa hesabu za sehemu kuliko wote, na kwamba humfundisha jirani yake kwa kukunja karatasi, bila kujisifu. Sikujua. Nikaelewa kwa nini wale kina mama wanapokea simu.

Kisha akaniwekea karatasi mezani. Ile barua ya mistari mitatu. Ilisema: Mimi ndiye mwalimu wa mtoto wako mwaka huu. Wewe unamjua kuliko mimi. Niandikie hapa jambo moja ambalo ningepaswa kulijua. Chini yake nafasi tupu. Katikati ya nafasi, kwa wino wa bluu: IMEPOKELEWA.

Akasema kati ya familia zake, ni yangu tu ambayo haijasema kitu.

Halafu mengine. Tangu siku ya kwanza binti yangu hula peke yake karibu na bomba. Rafiki zake wako Sita A na mapumziko yetu hayalingani. Baada ya karatasi za pinki, watoto wengine walimwambia baba yake ndiye aliyewafanya wakemewe nyumbani. Akahama hata bombani, siku hizi hula chooni.

Orodha nilipanga mimi. Karatasi za pinki nilijaza mimi. Niliumia, naandika hivyo hivyo. Bi Pole alifungua dirisha akanipa mgongo, akasema chaki ina vumbi sana leo. Siku hizi ubaoni tunaandika kwa kalamu za wino.

Alhamisi, 29 Januari

Nilimsubiri binti karibu na bomba, kwenye njia ya kwenda chooni, wakati wa mapumziko yao. Alitaka kugeuza. Nikamwomba tule wote. Tulikula viazi, mimi nikiwa nimekalia ndoo. Nikamwambia nimekosa. Akaendelea kutafuna, kisha akasema anajua.

Nikajitolea kumhamishia Sita A leo leo. Akakataa. Anampenda Bi Pole, na yule jirani wa hesabu alianza kumsogelea kabla ya mambo ya wito. Anachotaka ni kimoja. Nikifika nyumbani, kabla ya kufungua mkoba, nimuulize siku yake ilikuwaje. Halafu ningoje ajibu. Nikamwambia hilo dogo sana, hata asingeomba. Akasema ameomba mara tano, anazihesabu.

Nimeliandika hapa ili lisinitoke.

Ijumaa, 30 Januari

Mkutano. Sita B, familia thelathini na tano. Sita A, kumi na tisa. Katika zile thelathini na tano nimo mimi mwenyewe, dawati la tatu, pembeni ya mke wangu. Nimempa mpinzani wangu alama kwa makalio yangu! Nilijaribu kumweleza Mwalimu Mkuu kwamba nihesabiwe kote kote. Alikataa.

Yule fundi alikuja. Nilimpigia simu Jumanne, nikasikiliza zaidi ya nilivyosema. Binti yake alimvuta kwa mkono wa shati mpaka ndani ya geti. Alikaa kiti cha mwisho, na alipotoka alikagua bawaba za mlango wa darasa, akasema zimelegea, atakuja kuzikaza.

Chumba kimekwenda kwa Bi Pole. Akakikataa! Akaomba kigeuzwe mahali pa wazazi kukaa wakisubiri, na benchi. Mlango uondolewe ili wasiogope kuingia. Kitasa kimeshatolewa. Nimekiomba, ninacho mfukoni.

Jumapili, 1 Februari

Nimetafakari sana. Somo nimelielewa lote. Kosa langu lilikuwa kuwasiliana na familia thelathini na nane na kuisahau ya thelathini na tisa. Haitarudiwa.

Asubuhi nimetengeneza Fomu ya Mawasiliano ya Nyumbani. Ukurasa mmoja tu, mbele na nyuma. Kipengele cha kwanza, hali ya mtoto wiki hii, weka alama. Cha pili, changamoto, (a) mpaka (f), na katika (c) nimeuliza siku yake ilikuwaje, kama alivyoomba. Cha tatu, maoni. Nimeipitisha chini ya mlango wa chumba chake ili nisimsumbue.

Imerudi mchana, chini ya mlango wangu. Kwenye maoni ameandika: Baba, niulize kwa mdomo. Niko chumba cha pili.

Maoni mazuri, na mwandiko umetulia. Ila kipengele cha pili kiko kitupu chote, na hakuweka sahihi. Nimegonga mhuri. Kesho nitampelekea barua ya ukumbusho. Kurasa mbili tu.