Kifuko cha Sabuni cha Mama Mkwe

Jumapili, 6 Julai

Nimejichongea. Kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya ukoo mzima wa mke wangu.

Tulikwenda kumpa pole mama mkwe. Juzi aliteleza bafuni. Sabuni ilimponyoka, akaikanyaga, akajikuta sakafuni. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, ila vidole vyake havina nguvu tena ya kushika kitu kinachoteleza, na sasa anaogopa kuoga akiwa peke yake nyumbani. Mimi nilimpelekea ndizi. Mwanyumba wangu, yule fundi magari aliyemwoa dada wa mke wangu, ambaye gereji nzima inamwita Jeki, alikuja na drili na bomba la chuma. Kabla chai haijachemka alikuwa ameshafunga kishikio ukutani. Mama mkwe akakishika, akakivuta kwa nguvu zake zote, akacheka, akasema, "Asante, mwanangu."

Mwanangu! Mimi nimeishi na binti yake miaka kumi na moja na bado ananiita mgeni wetu. Mpeni mgeni wetu kiti. Mgeni wetu ameongezewa sukari? Sijawahi kuombwa hata kufungua dirisha.

Roho ikaniuma. Nikasimama. Nikasema kishikio ni kizuri, lakini mkosaji ni sabuni, na dawa yake ni kifuko cha uzi wa pamba. Sabuni inakaa ndani, kamba unaivaa mkononi, unajisugua, povu linatoka, hakuna kuanguka. Niliwahi kukiona kwenye nyumba moja ya wageni. Watu wakaitikia: wazo zuri hilo. Hapo ndipo ningekaa. Sikukaa. Nikasema nitamfumia mimi mwenyewe, kwa kroshia, kwa mikono yangu hii, na Jumapili ijayo atakuwa nacho.

Mke wangu alipaliwa na chai. Shemeji, mke wa Jeki, akavunjika mbavu. Jeki peke yake hakucheka. Aliniuliza kwa upole nilijifunzia wapi. Nikasema tangu utotoni.

Jumatatu, 7 Julai

Nimenunua sindano ya kroshia, ile yenye ncha ya kulabu, na bonge la uzi mweupe. Muuzaji aliuliza kama ni vya mke wangu. Nikasema ndiyo, upesi sana.

Nimetazama video kwenye simu. Binti anafuma huku anaongea huku anatabasamu. Mimi nikitabasamu tu uzi unatoka. Jasho kwapani! Nimejichoma kiganja. Mke wangu amepita, ametazama, amesema ana mahindi ya kumenya, na amecheka mpaka jikoni.

Jumanne, 8 Julai

Ushindi! Nimeweza mnyororo, yaani kile kitanzi ndani ya kitanzi wanachoanzia wote. Sikujua namna ya kuusimamisha, kwa hiyo niliendelea. Unatosha kufungia mbuzi. Nimemwonyesha mke wangu. Ameuliza kama mama yake ataoga au ataanika nguo.

Watu wenye vipaji huwa hawaeleweki nyumbani kwao.

Alhamisi, 10 Julai

Aibu.

Nilibeba kazi yangu dukani. (Tunauza rangi za nyumba. Mimi ndiye ninayechanganya.) Nilikuwa nafuma chini ya kaunta. Jambo la ajabu: kifuko kinakwisha chenyewe. Kilianza na upana wa kiganja, kila mstari kinapungua, na saa nne asubuhi kilikuwa na ncha. Pembetatu! Sabuni gani ya pembetatu? Nikageuza nikaanza upande wa pili. Kikapata ncha ya pili.

Bosi akaingia ghafla. Nikakitosa kwenye kopo lililo karibu. Kopo lilikuwa wazi, na lilikuwa na rangi ya kijani ya mteja aliyesimama mbele yangu. Bosi akaona uzi umening'inia, akauvuta. Ukaja. Akavuta tena. Ukaja na kile kitu, kinachuruzika. Akaniuliza ni nini. Nikajikaza kisabuni, nikasema ni chujio jipya la rangi, la kitaalamu zaidi. Bosi akafurahi! Akasema nimwonyeshe mteja linavyofanya kazi.

Mteja amehamia duka la pili. Kucha zangu ni za kijani na hazisafishiki.

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimefanya jambo la busara, na sitaki mtu anitazame vibaya.

Karibu na soko kuna mama anayeuza vitambaa vya meza, tunamwita Mama Vitambaa. Hafumi mwenyewe, ana watu wanaomletea. Nimemuuliza, huku nikitazama pembeni, kama ana kifuko cha sabuni. Ametoa kimoja. Cha pamba, cheupe, kimekaa sawasawa, mdomo umekazwa kwa kamba ya kusokotwa. Kizuri hasa. Nimekinunua.

Sikuiba. Nimenunua. Tena wazo la kifuko lilikuwa langu. Nimekaa nacho kwenye benchi nikakifikicha mpaka mikono yangu nayo ikahusika.

Jumapili, 13 Julai

Natamani siku hii ifutwe.

Nilimkabidhi mama mkwe mbele ya wote. Shemeji akanyamaza, raha ilioje! Mama mkwe alitia sabuni ndani papo hapo, akavaa kamba mkononi, akaingia bafuni na kufunga mlango. Tukasikia maji. Baadaye tukamsikia anaimba. Mke wangu alisema hajamsikia mama yake akiimba bafuni tangu alipoanguka.

Akatoka, uso unang'aa. Akanishika mikono yote miwili, hii yenye kucha za kijani. Akasema tangu vidole vyake vidhoofike hakuna aliyekaa kitako akamtengenezea kitu, kitanzi kwa kitanzi, kwa ajili yake tu. Kisha akasema, "Asante, mwanangu."

Miaka kumi na moja nimelisubiri neno hilo. Limekuja, na mimi nikatamani sakafu ipasuke. Nilisema karibu, mama.

Jeki alikichukua kifuko, akakigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa kifuko. Akaniuliza nilitumia sindano namba ngapi. Nikasema ya kawaida, kubwa kubwa hivi. Akaitikia kwa kichwa. Akasema kazi nzuri. Wivu mtupu! Au ndivyo nilivyojiambia.

Tukiwa njiani kurudi, mke wangu alisema mimi mtu wa kufunga kamba za viatu kwa fundo moja la ovyo sikukifuma kile. Nikatazama barabara. Akasema hatamwambia mama yake, mzigo ni wangu. Ningependa angenigombeza.

Jumatatu, 14 Julai

Mama mkwe amepiga simu. Ameniita mwanangu mara mbili kabla ya salamu kwisha. Mdogo wake, mama mdogo, anataka kifuko naye. Nikasema bila shaka, mama, kidogo hicho! (Kwa nini? Kwa nini nasema maneno?) Akasema safari hii nifumie kwake, anataka kukaa karibu nami atazame mikono inavyocheza, maana ya kwake haichezi tena.

Nikasema nimeumia kidole. Kwa hiyo nimefunga bandeji. Asubuhi niliifunga mkono wa kushoto. Jioni mke wangu amenionyesha kuwa iko mkono wa kulia.

Jumatano, 16 Julai

Nilikwenda kwa Mama Vitambaa kununua cha mama mdogo. Mbele yangu kulikuwa na mtu mrefu, mgongo umejaa kibanda kizima, ovaroli ina grisi. Alikuwa anatoa kitu kifuani, kimefungwa kwenye gazeti safi ili kisichafuke. Vifuko. Vyeupe. Vya pamba, na kamba ya kusokotwa.

Akageuka. Jeki!

Tulisimama tu. Mama Vitambaa, aliyetaka kunisaidia, akasema kwa furaha kuwa huyu ndiye fundi wa kile kifuko nilichokipenda Ijumaa.

Jeki ndiye aliyeona haya. Jeki! Akanivuta pembeni, akaniomba nisimwambie mtu. Gereji wakijua hatapumua. Na mimi nilifanya nini? Nilimwekea mkono begani na kumwahidi, kwa sauti nzito ya hakimu, kuwa siri yake iko salama kwangu. Nilimhurumia! Nilimsamehe! Nimefika nyumbani ndipo nimeelewa. Jumapili aliishika kazi yake mwenyewe, akasikia mama mkwe akinisifu mimi, akaulizia namba ya sindano, akanipa nafasi ya kusema kweli. Sikusema. Naye akaniachia sifa zote akala wali wake.

Sikununua cha mama mdogo. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikapitia njia ya nyuma ili nisionane na mtu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda kuungama.

Si ungamo lote. Njiani niliona kuna haja ya kupunguza makali. Nilipanga kusema nilikianza mimi na mtu akanimalizia. Mama mkwe alikuwa uani, anaanika kifuko kwenye kamba ya nguo. Akaniacha niseme. Nilisema muda mrefu. Nikataja uchovu, nikataja kazi, nikataja ubora wa uzi siku hizi.

Nilipomaliza alikianua akanionyesha mdomo wa kifuko. Kitanzi cha mwisho kimekunjwa ndani mara mbili na kufichwa, huwezi kukiona usipojua. Akasema hivyo ndivyo yeye hufunga, na amemfundisha mtu mmoja tu. Jeki alipobanwa vidole na gari mwaka ule, daktari alimtaka avichezeshe, na yeye akamkalisha jikoni akampa sindano na uzi. Alikitambua kifuko tangu siku ile bafuni, hata sabuni haijalowa.

Nikakosa pa kuweka uso. Nikamuuliza, kama alijua, mbona aliniita mwanangu.

Akasema, "Mgeni angenunua, akasema nimenunua. Wewe umekuja kunidanganya mchana kweupe, na kucha za kijani. Huyo atakuwa mtoto wangu, nitampeleka wapi?"

Nimelia. Naandika bila kuficha: nimelia, mtu mzima, kwenye kanga ya mama mkwe. Amenipangusa. Kisha amesema sasa anataka kifuko kingine, nilichofuma mimi, kiwe kibaya namna gani, ataoga nacho. Nimpelekee kikiwa tayari, hana haraka. Jeki atanifundisha.

Nikasema Jumapili. Hakuniomba Jumapili. Nimeapa, nami naapa tena hapa kwenye shajara: kuanzia leo mimi na uongo basi.

Jumanne, 22 Julai

Jana Jeki alinifundisha, nyuma ya gereji, mlango umefungwa kwa komeo. Ana subira mtu yule. Vidole vyake ni vinene kuliko vyangu mara mbili, na sindano inatii. Aliniambia kosa langu ni kwamba nakiruka kitanzi cha mwisho kila mstari. Nikihesabu, pembetatu itakwisha. Nikahesabu. Nikapoteza hesabu. Pembetatu. Jeki akatabasamu, akasema vizuri sana, sasa fumua yote uanze upya.

Fumua yote! Mistari yangu minane! Akaniambia wiki tatu hivi nitakuwa nimeshika mkono. Wiki tatu, na mimi nimesema Jumapili.

Kwa hiyo leo mchana nimepita kwa Mama Vitambaa. Si kununua, hapana, mambo hayo nimeyaacha. Nimeagiza. Nimemwomba anitafutie mtu wa kunifumia kifuko kibaya.

Hakunielewa. Alidhani namtukana. Nikamfafanulia: ukingo upinde kidogo, mdomo ukae upande, kuwe na tundu moja au mawili ya mtu anayejifunza lakini ana moyo. Akauliza ni cha nani. Nikasema cha mama yangu. Mwishowe amekubali, ingawa amesema watu wake wote wanajua kazi na itabidi ambembeleze mmoja aharibu. Na safari hii nimekuwa mwangalifu, si kama mara ile: nimemkataza kabisa asimpe Jeki.

Kitakuwa tayari Jumamosi. Nimemsisitizia jambo moja tu, kwamba kisiwe kibaya kupita kiasi. Mtu ana heshima yake.