Makochi ya Damu ya Mzee

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Makochi yameletwa. Siyo yenyewe.

Naandika humu kwa sababu Goodness, mjukuu wangu, amenipa daftari na kuniambia: bibi, andika kila kitu, tarehe na siku, nani kasema nini, itakusaidia kudai haki yako. Yeye ni mwalimu. Mimi niliishia darasa la nne, Iyula, lakini la nne la zamani linakishinda chuo cha sasa. Haya, naandika.

Dukani kwa Shadrack nilichagua seti ya rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu nzito ya kiheshima. Kitambaa cha manyoya, ukipitisha kiganja kinalala kama paka. Miguu ya mninga, minene, imechongwa kama kucha za simba. Nikakaa. Nikazama mpaka nikaomba mkono wa kuninyanyua. Goodness akanipiga picha. Shadrack akasema ile ni ya maonyesho, haiuzwi, yangu fundi ataitengeneza kwa wiki mbili, na zitafanana kama mapacha. Fedha yote ya kahawa ya msimu huu ikaenda kwa simu ya Goodness, tii, imeingia kwa Shadrack. Viti vyangu vya zamani nikavigawa jikoni kanisani ili kupata nafasi.

Leo Enoka wa guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, kashusha mzigo. Mapacha! Labda wa baba tofauti. Rangi ya uji wa ulezi uliochacha. Miguu ya mpaini, myembamba, kuku ana miguu ya heshima zaidi. Nimebonyeza kiti, kikalia kwa ndani, karakacha, kama nimekanyaga magunzi. Na kochi la watu watatu! Labda watatu hao wawe wamefunga Kwaresima nzima. Nikamwambia Enoka pakia, rudisha. Akasema yeye ni wa kuleta tu, mama, kurudisha ni safari nyingine, na foleni ya malori imeshafunga barabara. Akajiondokea. Mzembe.

Na Jumamosi wanakuja washenga! Wanatoka Iyula, kwa kina Lwitiko, mchumba wake, kumposa Goodness. Kwenye ukoo wetu mshenga hatoi neno akiwa amesimama. Akaribishwe, aketishwe, ndipo afungue mdomo. Asipoketishwa anageuka na neno lake mfukoni. Sasa Loisi, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ameshatangaza kanisani kwamba kama kwangu hakuna pa kukaa, posa ipokelewe kwake. Kwake! Kwenye yale mabenchi! Nimemlea huyu mtoto tangu ana miaka mitatu, mgongo huu ndio uliombeba, halafu akaposwe kwa Loisi? Labda niwe nimeshazikwa. Na hata hapo nitagonga jeneza.

Jumanne, 12 Agosti

Goodness amesoma mambo kwenye simu. Anasema sheria ipo. Ukiuziwa kitu kwa kuonyeshwa mfano, kitakacholetwa lazima kifanane na mfano. Kisipofanana una haki ya kukikataa. Ila usikitumie, maana ukikitumia ni kama umekikubali. Piga picha, tunza risiti, andika barua ya adabu, mpe mtu siku za kujibu.

Barua ya adabu! Kwa Shadrack! Nikamwambia sheria yako ni ya watu wasio na mdomo. Mimi ninao.

Lakini hilo la kutotumia nimelipenda. Nimetangaza nyumba nzima: hakuna kalio litakalogusa ushahidi. Nailoni yaliyokuja nayo haitolewi. Wote mkekani. Paka nimemfukuza mara nne. Jioni mchungaji kaja kutuombea, akataka kukaa, nikamdaka mkono. Nikamwambia mchungaji, hiyo ni kesi. Amesali amesimama. Amesali kwa kifupi sana.

Goodness akaomba risiti. Nikasema ipo, mahali salama. Ipo kweli. Nimefungia ugoro. Karatasi yenyewe laini, nyembamba, inafunga kuliko gazeti. Goodness hajui kama navuta. Mchungaji hajui. Loisi ndiye asijue mpaka parapanda ilie, maana mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao cha akina mama nikawasema wavuta ugoro, na yeye alikuwa ananiangalia jicho moja limefumbwa. Nimeikunjua risiti usiku. Maandishi yamekufa yote. Imebaki harufu.

Jumatano, 13 Agosti

Mpango wa kwanza: uzi. Nimepima makochi yangu, nikafunga fundo kila kipimo, nikaenda dukani kupima yale ya maonyesho ili nimwaibishe Shadrack fundo kwa fundo. Nilimkuta na wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, salamu zao za mulishani mukwai zinamtoka kama maji, meno yote nje. Nikaingia chini ya kochi kupima miguu.

Nikakwama. Kiuno.

Shadrack na Mzambia mmoja wakanivuta kwa miguu yangu miwili. Mzambia akauliza huyu mama ni fundi? Shadrack akajibu ni mteja wetu mpendwa, anapenda kukagua. Wakacheka. Uzi umebaki kulekule chini.

Nikajipangusa, nikamwambia ulichoniletea sicho hiki. Akasema mama, ni kilekile, tofauti ni mwanga, hapa kuna taa nyeupe. Nikamwuliza hiyo taa ndiyo inayoota miguu ya kuku? Akasema mninga siku hizi adimu. Nikasema ungeniambia ni adimu kabla hujaimeza kahawa yangu. Akanionyesha ukutani, imeandikwa: kikishatoka dukani hakirudi. Nikamwambia hata mimi naweza kuandika ukutani kwako kwamba wewe ni mwongo, je, itakuwa sheria? Mzambia akapiga makofi. Hapo nilimpata.

Kisha Shadrack akaomba risiti. Hapo alinipata.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpango mkuu! Niliuwaza usiku kucha. Nitakaa juu ya seti ya maonyesho tangu asubuhi. Kila mteja akiingia namwambia hii ni ya kuonyeshwa, utakayoletewa ni uji. Saa sita Shadrack atakuwa amepiga magoti.

Saa mbili nilikuwa nimeshaketi, mfuko wa viazi vya kuchemsha mapajani. Shadrack akaanza, mama, kuna jambo nataka kukuambia. Nikamwambia funga mdomo, leo ni zamu yangu. Akaja mwanamke wa Mlowo anatafuta makochi ya binti yake. Nikamwondoa. Akaja mchimbaji wa Saza, viatu vina vumbi, mfuko wa shati umevimba. Nikamwondoa. Shadrack akaenda kupangusa kioo cha kabati. Nikajua nimemmaliza.

Ila ile seti, jamani! Nje upepo wa Agosti unakata masikio, ndani joto. Nimezama. Manyoya yananipapasa. Nikavuta ugoro kidogo nichangamke.

Niliposhtuka ilikuwa saa tisa.

Duka limejaa watu. Shadrack amesimama kichwani kwangu anaongea polepole kama yuko kwenye maombolezo, anawaambia: mtazameni bibi huyu, aliingia saa mbili apumzike kidogo tu, honi za malori yote ya Tunduma hazijamwamsha. Ameuza seti tatu! Tatu! Mchimbaji wa Saza alirudi, kalipia ya kwanza. Kijana mmoja amenipiga picha nimeachama mdomo, naona hata viazi vinaonekana.

Na ugoro umemwagika. Kwenye mkono wa kochi, ukachanganyika na mate yangu ya usingizi. Doa kubwa, jeusi, lina mkia. Nikalifunika na kitenge nikatoka kwa heshima. Mlangoni nikakumbuka kitenge ni changu. Nikarudi nikakichukua.

Nyumbani nikamkuta Loisi, kaja eti kusalimia. Akayatazama makochi ndani ya nailoni, akaniuliza kwa upole: wifi, unayafunika yasishikwe na mafua? Akasema mabenchi yake manne ameshayapangusa. Nilimwaga maji ya kuoshea vyombo karibu na miguu yake. Karibu sana.

Ijumaa, 15 Agosti

Kumbe Goodness aliandika barua! Kwa siri! Aliipeleka Jumatano jioni akitoka shuleni, Shadrack akasaini kuipokea. Ukurasa mmoja tu. Picha mbili, ile aliyonipiga siku ya kuchagua na nyingine ya huu uji. Ujumbe wa malipo ya simu, kumbe nao ni ushahidi, risiti ikikosekana mtu hafi. Sheria ameitaja. Amempa mpaka leo jioni, la sivyo malalamiko yanakwenda kwa ofisa biashara. Mwanzo kaandika Ndugu. Mwisho kaandika wako katika ujenzi wa taifa. Hakuna hata tusi moja. Nimetafuta mara mbili.

Na Shadrack amepiga simu, amekubali! Fundi hawezi kumaliza nyingine kabla ya kesho, basi atatoa ileile ya maonyesho, na Enoka atauondoa uji. Goodness akarukaruka. Nikamwambia unaona, ningekuwa sikukaa kule jana asingetii. Akasema bibi, Shadrack anasema alitaka kukuambia tangu jana asubuhi, ukamwambia afunge mdomo, halafu ukalala.

Wanasheria wote ndivyo walivyo, wanapenda kuwanyang'anya watu ushindi.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa tatu Enoka kafika. Ametoa uji wote nje, sebule ikabaki nyeupe. Kisha akashusha yangu. Damu ya mzee! Mninga! Kucha za simba! Loisi alikuwa pale uani, alikuja mapema ili asipitwe na aibu yangu, nikaona uso wake umesinyaa kama boga la mwaka jana. Furaha ilioje!

Basi nikakagua. Mimi si mtu wa kudanganywa mara mbili.

Doa. Kwenye mkono wa kochi. Na mkia wake.

Loisi naye akaliona. Akainama. Pua yake, Bwana Yesu, pua yake ikaanza kushuka kuelekea lile doa, polepole, jicho moja limefumbwa.

Ningefanya nini? Nikapiga kelele, hii imetumika! Nimelipia mpya, naletewa kochi ambalo mtu amelilalia akalitemea! Chafu hivi! Mtu gani hana adabu hivi! Goodness akanivuta kanga, akaninong'oneza bibi, washenga wako njiani, doa ni sabuni tu. Nikasema sheria ni sheria, nakataa! Enoka, pakia! Pakia kabla pua ya mtu haijafika! Enoka akafungasha damu ya mzee juu ya uji, akaondoka anatikisa kichwa. Guta lilipokata kona ndipo nikageuka, nikaiona sebule yangu.

Tupu. Hata stuli hakuna.

Na washenga hao wanaingia getini.

Mzee Nsajigwa ndiye mkuu wao, mrefu, koti la suti, fimbo. Akasimama mlangoni. Akatazama ukuta huu, akatazama ule. Nyuma ya pazia nilimsikia Goodness anavyohema. Loisi akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya asali, wageni wetu, hapo nyumba ya pili kuna mabenchi. Mzee Nsajigwa akageuza fimbo kuelekea mlangoni.

Nikarudi nyuma nijishikize kwenye kiti. Kiti hakipo. Nikakaa chini, pu, kwenye mkeka ule tuliokuwa tunaukalia wiki nzima kwa ajili ya ushahidi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa, ikabidi niseme kitu. Nikasema mjukuu wangu hataposwa juu ya sponji. Makochi nimeyatoa nje leo asubuhi kwa mdomo wangu mwenyewe, wapo walioshuhudia. Bibi yangu aliposwa mkekani, mama yangu mkekani. Anayetaka mtoto wangu ashuke chini aombe.

Mzee Nsajigwa akavua viatu. Akaketi. Akasema nyumba saba mwaka huu amezamishwa kwenye makochi, hawezi kusalimia bila kusukumwa mgongo, na leo ndiyo mara ya kwanza anakutana na mtu anayejua mila. Akatoa neno. Tukalipokea. Goodness alikuja kupiga magoti mbele yangu, machozi yanamtiririka. Nikamwambia asilie, mkeka utalowa. Na mimi nilikuwa na kitu jichoni. Vumbi la guta.

Kumnyanyua Mzee Nsajigwa ilibidi watu wawili. Loisi alikuwa mmoja wao. Nilimchagua mwenyewe.

Usiku Goodness ameniambia bibi, haki ilikuja ikafika mlangoni, ukairudisha kwa guta. Nikamwambia ni mpango wangu tangu mwanzo. Amecheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepita kwa Shadrack. Doa limetoka kwa sabuni, kama alivyosema yule mwalimu. Seti ipo, imefunikwa, ina jina langu. Goodness kanituma niisaini tu, Enoka ailete.

Lakini Shadrack akanionyesha simu yake. Kabati la harusi! Milango minne, kioo cha mtu mzima, vishikio vya dhahabu. Loisi hataweza kumpa Goodness kitu kama hicho hata akiuza mabenchi. Shadrack akasema hapa dukani halipo, ni picha tu, fundi atalitengeneza kwa wiki mbili, na litafanana nayo kama mapacha.

Nimembadilishia. Abaki na makochi yake, anipe kabati. Goodness sijamwambia, itakuwa mshangao.

Na safari hii sikuondoka kizembe. Nimedai risiti, tena nimeidai kwa ukali. Ametoa ndefu, inafika magotini. Laini sana. Itanifikisha Krismasi.