Pembetatu Yangu na Konseto ya Dvořák

Jumatatu, 14 Oktoba
Ijumaa okestra yetu inapiga konseto ya sello, ile fidla kubwa ya kubanwa magotini, aliyotunga marehemu Dvořák. Mpiga sello, Bi Apolena, anatoka Praha. Mimi napiga pembetatu ya chuma. Sehemu ya kwanza: sina kazi. Ya pili: sina kazi. Ya tatu: ting! Tangu nikiwa na nywele sijawahi kusimamishwa peke yangu nipigiwe makofi. Mpiga filimbi husimamishwa. Hata Pluhař wa ngoma husimamishwa, na yule hupiga kama anaua nyoka! Safari hii nitasimamishwa. Nimeapa.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimempelekea kiongozi wetu, Bwana Zahálka, keki za plamu alizooka mke wangu. Kashukuru sana. Kisha kampa Pluhař! Pluhař kazila zote mbele yangu, akauliza kama siku hizi sukari imeadimika kwetu. Mshenzi.

Mpango wa pili: fundi wa matrekta kanichomelea pembetatu mpya, ukubwa wa gurudumu la baiskeli. Drahuše, mke wangu, kauliza kama ni ya muziki au ya kuitia ng'ombe. Wasanii hatueleweki.

Jumamosi, 19 Oktoba
Kichwa! Naandika polepole.

Jana konseto ilipoanza nilivuka barabara kwenda baa, kama afanyavyo mwanamuziki yeyote asiye na kazi tangu enzi za babu zetu. Glasi moja tu! Pembetatu nikaibeba, kuiacha karibu na Pluhař ni wazimu. Ikawa inalia kila nikipumua. Nikachukua kile kikaratasi kigumu cha chini ya glasi, nikakipachika kwenye pembetatu isilie. Kosa! Kwetu usipofunika glasi kwa kikaratasi hicho, mhudumu anakuletea nyingine bila kuuliza. Akaleta. Akaleta tena. Ningeacha bia iliyokwisha miminwa? Mimi nililelewa, jamani.

Kurudi, sehemu ya tatu inaishia. Mapigo yangu yote yamepita! Nikaona haya kumdhulumu marehemu Dvořák. Nikampigia yote kwa mkupuo. Kumbe ndipo pale sello inapofifia, inanong'ona kama mtu anayeaga dunia, ukumbi mzima umeshika pumzi. TING! TING! TING! Chuma cha trekta hakinyamazi. Bi Apolena akafumba macho. Pluhař akaninong'oneza, eti mzee, kengele ya stesheni hiyo, treni inaondoka saa ngapi?

Mwishoni Zahálka akaninyooshea kidole. Mimi! Peke yangu! Nikasimama, nikainama, nikainama tena. Watu walicheka hadi machozi, makofi yakarindima.

Drahuše anasema Zahálka alikuwa ananionyesha mlango. Wivu huo.

Jumatatu, 21 Oktoba
Zahálka kaniita. Mpole sana. Kasema, Bořek ndugu yangu, nakupenda, ila kwa mbali. Pembetatu kapewa mke wa Pluhař. Uhaini! Mimi nitakuwa bawabu wa ukumbi.

Nimeenda kuukagua mlango. Bawaba ya juu inalia vizuri ajabu: sauti nene, ya huzuni, inapanda taratibu. Mtunza ukumbi alikuja na mafuta. Nimemwambia athubutu aone.

Konseto inarudiwa Desemba. Leo nimeanza mazoezi.