Meli Yangu na Kano za Mama Lodio

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kabati la kioo ni moja. Moja tu! Mwalimu Kendi wa maktaba ametangaza leo: kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono na mkazi wa Isiolo kitawekwa ndani, na chini yake kadi yenye jina la fundi, herufi kubwa. Atachagua Jumamosi saa nne asubuhi.

Kadi hiyo ni yangu. Miaka thelathini na moja nimekaa stoo nikiandika mali ya wengine. Mabomba ya fulani. Koleo za fulani. Jina langu halijabandikwa mahali popote duniani, isipokuwa kwenye orodha ya waliochelewa kazini, 1998. Siku ya kustaafu nilipewa blanketi, na mkubwa akanishukuru kwa kazi nzuri ya udereva. Udereva! Hata baiskeli siwezi.

Kwa hiyo meli. Ile ya Vasco da Gama iliyofika Malindi mwaka wa 1498, São Gabriel. Miezi minane nimeichonga kwa mbao za saiprasi. Kila mita ya meli yenyewe ni sentimita mbili kwangu. Mwili umekwisha. Milingoti mitatu imesimama wima. Matanga nimeyakata kutoka kwa shuka, na Kagwiria, mke wangu, alipogundua ni shuka gani, tulilala wiki nzima kwenye godoro tupu. Zimebaki kamba tu. Arobaini na sita, nimehesabu kwenye picha.

Mpinzani ni Mungania. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi ya stoo, halafu yeye akapandishwa cheo akawa bosi wangu. Sasa binti yake aliye Uholanzi amemtumia meli kwenye katoni. Vipande vimekatwa na mashine, vina namba, kamba zimo, gundi imo. Huko ni kutengeneza au ni kufungua zawadi?

Jumanne, 4 Februari

Siku ya hasara. Uzi wa cherehani una manyoya: ukiufunga mlingotini, meli inaota ndevu. Nailoni ya kuvulia samaki inateleza, mafundo yanafunguka yenyewe, tena inang'aa. Katani ni nene mno. Kagwiria akauliza kama ile ni meli ama ni kikapu.

Halafu nikachungulia uani kwa jirani. Mama Lodio amekaa barazani anashona ngozi. Anashona na nini? Kano! Ile mishipa migumu ya mgongo wa mbuzi, ameipasua nyembamba, anaisokota kwenye paja, inatoka kamba ya rangi ya kahawia, laini, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kamba ya meli kabisa! Nyingine zilikuwa zinalowa kwenye sufuria kando yake. Nimeelewa siri: zinatumiwa zikiwa zimelowa.

Kuomba siwezi. Mbuzi wake walikula maharagwe yangu 2022 nikamwandikia chifu barua ya kurasa tisa. Barua nzuri sana. Chifu alimsomea yote, hata pale nilipotaja tabia yake.

Lakini kichwa hiki hakikuumbwa kwa kuvaa kofia tu. Nina mpango.

Jumatano, 5 Februari

Nimevaa koti la kazi. Nimebeba faili ya zamani na kalamu mbili, moja nyekundu. Nikapiga hodi kwa Mama Lodio na kumweleza kwamba kaunti inaandikisha mafundi wote wa kazi za mikono, na kwamba mimi nimeombwa kukusanya sampuli. Kano, kwa mfano.

Loo, mama wa watu alivyofurahi! Akanipangusia kiti. Akanipa chai ya maziwa. Akanipa mafungu matatu makubwa, yale mazuri zaidi. Barua ya chifu hakuitaja hata kidogo, jambo lililoniudhi, maana nilikuwa nimejitayarisha kujitetea.

Akataka kunieleza jinsi zinavyotumika. Nikamwambia serikali inajua. Akauliza hiyo orodha iko ofisi gani. Hapo nikababaika, nikasema maktaba. Kisha akaniomba niandike jina lake pale pale akiona. Nikaandika kwenye faili: Akolong Erot. Aliinama akafuata kila herufi kwa kidole, akaniuliza kama limeandikwa kwa wino usiofutika. Nilijisikia vibaya kidogo. Nafikiri ni ile chai.

Jioni nikampigia Mungania. Nikamwambia, kama rafiki, kwamba kesho soko la mifugo Oldonyiro kuna fahali wa bei ya kutupa, mwenyewe ana shida, awahi alfajiri. Mungania akisikia fahali hasikii kingine. Nilimdanganya bila hata kukohoa. Kwenda na kurudi kwenye ile barabara ya vumbi, hatashika gundi mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 6 Februari

Siku bora kuliko zote za maisha yangu, nikiweka na ile ya harusi, na Kagwiria asione haya maandishi.

Mungania ameondoka na lori la ng'ombe. Nimelowesha kano tangu saa kumi na mbili asubuhi. Zinapinda utakavyo! Zinapita kwenye tundu la sindano bila ubishi. Nimefunga mlingoti mkubwa mbele na nyuma, kulia na kushoto, nimekaza mpaka kucha zikauma. Nimesuka ngazi za kamba za mabaharia kupandia juu. Zote arobaini na sita! Bahari nimeiona mara moja tu, semina ya Mombasa 1994, na nilikuwa naumwa na tumbo, lakini leo ungesema nimezaliwa juu ya meli.

Nimeiweka barazani jua liikaushe. Jua la Februari halina huruma, kufikia jioni itakuwa tayari. Mama Lodio akapita akasimama mbali, akauliza nimeshona mbichi? Nikamwambia ni utaratibu wa kaunti. Akafungua mdomo tena, nikaingia ndani.

Ijumaa, 7 Februari

Maskini mimi!

Kano zimekauka na zimejivuta. Mlingoti wa mbele umeinama kama mtu anayesalimia wakwe. Ule mkubwa umepinda kuelekea nyuma. Ule mdogo wa mwisho umevunjika shinani na unaning'inia kwa ngazi zake. Nilijaribu kulegeza fundo moja. Fundo limekuwa mfupa. Nilijaribu kisu, nikajikata mimi.

Kagwiria alicheka mpaka akashika mlango. Akaniambia, Baba Kaari, ungemuuliza tu yule mama. Ungemuuliza! Kila mtu anajua la kufanya mambo yakishaharibika.

Mchana akaja Mungania, amebeba paja la mbuzi. Kumbe Oldonyiro palikuwa na fahali kweli! Wawili, wa bei ya kutupa, mwenyewe ana shida. Amenunua wote na mmoja ameshauza hapa mjini kwa faida. Akanikumbatia. Akasema katika kazi yote tuliyofanya pamoja hakujua ninampenda hivi. Ile meli ya binti yake ameirudisha kwenye katoni, hana wakati, sasa yeye ni mtu wa mifugo. Kisha akaitazama yangu, akaniuliza huo ni mtego wa kware.

Nyama ilikuwa tamu na nililia nikiila. Lakini ngoja. Mungania ametoka! Mpinzani hayuko! Kendi atachagua nini kama si meli yangu? Nimeandika karatasi safi: MELI YA VASCO DA GAMA IKIPIGWA NA DHORUBA. Nani atajua?

Jumamosi, 8 Februari

Nitaandika haraka niimalize siku hii.

Saa nne kamili. Mezani kuna vitu viwili: meli yangu na kigoda cha mzee mmoja wa Kipsing chenye miguu miwili mirefu na mmoja mfupi. Mwalimu Kendi akaizunguka meli. Akauliza kama ni dhoruba, mbona matanga yamelala. Nikamjibu upepo ndio umekwisha sasa hivi. Akatabasamu. Aliandika kitu kwenye daftari lake, nikakiona kwa macho yangu: K, halafu I, mwanzo wa jina langu, Kirigia!

Mlango ukafunguka. Mama Lodio, amevaa nguo za kanisani, amebeba furushi. Akasalimu watu wote kwa mkono. Akasema amekuja kwenye ile orodha ya kaunti ya mafundi, ile aliyoandikishwa na Baba Kaari, na kwa kuwa serikali imechukua kano, ameona ni vizuri iione na kazi yenyewe.

Akafungua furushi. Sketi ya ngozi. Alishona mwenyewe mwaka alioolewa, kila mshono kwa kano, shanga za maganda ya yai la mbuni pembeni, mamia, zote saizi moja. Haijaachia hata uzi. Mwalimu Kendi aliigusa kwa vidole viwili. Mzee wa Kipsing akaondoa kigoda chake mezani bila kuambiwa.

Basi. Ikaingia kabatini.

Na Mama Lodio akasimama mbele ya watu akasema anayestahili shukrani ni jirani yake, maana yeye hakujua kwamba kazi kama hiyo inahesabiwa, mpaka huyu mzee alipovaa koti na kuja nyumbani kumwambia. Wakanipigia makofi. Mimi! Makofi ya kwanza ya maisha yangu, kwa uongo, na siwezi kuyakataa wala kuyapokea. Nilisimama tu na kidole changu kilichofungwa kitambaa.

Baadaye Kendi akanivuta pembeni. Akasema, Mzee Kirigia, orodha kama hiyo haipo, na wewe unajua haipo. Lakini wazo ni zuri. Nimeambiwa wewe ulikuwa stoo, una mwandiko mzuri. Ungekubali kuwaandika mafundi wote wa mji?

Kuandika majina ya wengine! Tena! Nikakataa.

Mama Lodio naye akaiona meli. Alizitambua kano zake mara moja. Hakukasirika, na hilo ndilo baya. Akasema ngozi ukiishona mbichi inavumilia, kano ikijivuta inakaza mshono. Kijiti hakivumilii. Kwa kitu kinachosimama, kano unaining'iniza na jiwe siku mbili kwanza, ikimaliza kujivuta ndipo unafunga. Akasema nije Jumatatu tufanye pamoja. Nikasema nitaangalia ratiba yangu.

Jumanne, 11 Februari

Jana sikwenda. Nilimwona kupitia ua: alikuwa amening'iniza kano kwenye mti, jiwe chini ya kila moja, na viti viwili. Nikamtuma Kagwiria aseme nina malaria.

Leo nimekwenda maktaba kuiona kadi. AKOLONG EROT. Herufi kubwa, wino mweusi. Nikatafuta chini yake kama wameongeza mstari wa shukrani. Nikatazama nyuma ya kabati. Hakuna. Niseme ukweli, kwa sababu daftari hili hakuna anayelisoma: niliumia mpaka nikakaa kwenye kiti cha watoto. Si kwa sababu hastahili. Anastahili, na nisingependa aondolewe. Nilitaka tu siku moja mtu apite, asome Kirigia, aendelee na safari yake.

Mlinzi akaniuliza kama nataka maji.

Jumapili, 16 Februari

Furaha! Habari! Kendi amesema kabati la pili linakuja Juni.

Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimelipata. Kosa ni saiprasi! Mbao laini. Nimeng'oa milingoti yote nikaweka ya nondo, vyuma vya ujenzi, nimeizamisha mpaka chini ya meli. Kano nimenunua mwenyewe buchani, sidaiwi na jirani. Nimezilowesha tangu jana. Mambo ya mawe na siku mbili ni ya watu wasio na haraka. Nimefunga zote arobaini na sita, kwa koleo safari hii, nimekaza maradufu, na meli iko barazani juani tangu asubuhi. Nimetoka kuitazama saa sita: milingoti haijasogea hata unywele! Wima! Sasa zijivute zitakavyo.

Nasikia kitu huko nje kinalia ta. Tena, ta. Ni mbao zinajikalia vizuri. Kagwiria anaita nije nione, nije haraka, anasema meli inafunguka tumbo. Ana kinyongo cha shuka lake. Nitakwenda nikimaliza, naandika kadi.