Mkate wa Taa, Mkate wa Ngazi

Jumatatu, 3 Machi
Situlii. Baba na Baba Mdogo wamegawana chumba chao cha ushonaji kwa mstari wa chaki. Chanzo: chama kipi kiliendesha uchumi vizuri, Taa au Ngazi! Baba ni Taa damu. Baba Mdogo ni Ngazi mpaka kwenye kifungo cha shati. Pasi imebaki upande wa Baba, mkasi mkubwa upande wa pili. Havuki mtu. Na sare za bendi ya shule yetu zinatakiwa Jumamosi! Mama anasema tukiikosa kazi hiyo tutakula siasa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Watu hugombana kwa kukosa takwimu! Nimeshinda maktaba nikitafuta bei ya mkate, miaka mitano ya Taa, mitano ya Ngazi. Mkutubi aliniuliza kama naumwa. Nilikuwa nazunguka makabati nikisema peke yangu. Nimechora chati kwenye karatasi ngumu.

Jumatano, 5 Machi
Nilikusudia kuhutubia. Nikaghairi. Nikaibandika chati ukutani, juu ya mstari hasa, nikakimbilia nyuma ya pazia la kupimia nguo. Baba akauambia ukuta kwamba hata mtoto ameona: enzi za Taa mkate ulikuwa bei chee. Baba Mdogo akaiambia cherehani yake kwamba ni kweli, ila mkate wenyewe ukiupigia chafya unapaa. Baba akauambia ukuta kwamba wa Ngazi ulikuwa mkubwa, lakini wa kutazama dirishani. Nilijificha mpaka mteja akaja kujaribu suruali. Aibu!

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu wa bendi amepita. Amekuta mikono mingi ya mashati, shati zima hata moja hakuna. Akasema keshokutwa asubuhi, la sivyo anabeba vitambaa vyake. Baba kanywea. Nimezunguka uani hadi kuku wakanikimbia. Chati haikuwa na uzito wa mkate! Nimeongeza. Na ajira, na mfumuko wa bei, na mishale. Sasa hata mimi siielewi vizuri. Dalili njema.

Ijumaa, 7 Machi
Wameikodolea macho. Baba akauuliza ukuta bei ya uzi iko wapi. Baba Mdogo akamjibu Baba mwenyewe, si cherehani, kwamba hata ya vifungo hamna! Baba akasema anayepima vyama bila uzi hajui uchumi. Baba Mdogo akasema Profesa, yaani mimi, kichwa hicho amerithi kwa mama yake. Wakacheka mpaka wakashikana mabega, chaki yote kwenye soli zao. Chati yangu wakaikata iwe kigezo cha kukatia kola.

Jumamosi, 8 Machi
Sare zimepokelewa. Kola zimesimama wima. Ushahidi tosha: takwimu hupatanisha!
Tatizo dogo tu. Mama amezipata habari za kichwa nilichorithi. Hasemi na Baba Mdogo, wala na Baba aliyecheka. Chai imepikwa ya mtu mmoja.
Nimeshanunua karatasi ngumu. Nitalinganisha vichwa vya ukoo wa Mama na vya ukoo wa Baba, kwa alama za mitihani, vizazi vitatu. Safari hii sisahau uzi.