Kidole cha Zambarau

Aliyeiangusha serikali ya Kanada mwezi Novemba mwaka 2005 ni Methodius Rugaimukamu! Wabunge walinyoosha mikono tu. Mshale wenyewe ulitoka Malton, kando ya Toronto, katika chumba cha chini cha nyumba ya Mama Noorbanu, pembeni mwa mashine ya kufulia.

Ndivyo alivyosimulia yeye. Jumapili aliandika kwenye blogu yake, *Jicho la Ottawa*: "Hawa hawafiki Krismasi." Jumatatu serikali ikaanguka. Tangu siku hiyo akawa anatembea kifua mbele kama bata mzinga ambaye hajaambiwa tarehe ya sikukuu.

Ottawa hakuwahi kufika. Hata Toronto yenyewe aliiona Jumamosi kwa Jumamosi, maana Jumapili ni ya kanisa na siku nyingine zote alikuwa ghalani uwanja wa ndege, akipanga mizigo inayokwenda nchi za watu. Lakini blogu haidai nauli. Wasomaji wake walikuwa arobaini na mmoja, ukimhesabu na yeye mwenyewe kila alipoingia kuangalia kama kuna aliyeingia.

Mmoja kati yao alimsumbua. Hakuwa na jina. Kila makala ikitoka, haikupita saa moja bila mtu huyo kuandika maneno mawili chini yake: "Si kweli."

Methodius akaandika kwamba spika wa Bunge la Kanada analalia godoro la manyoya ya bata bukini, mali ya taifa. *Si kweli.* Akaandika kwamba mbunge akimtukana mwenzake analazimishwa kumnunulia kahawa. *Si kweli.*

"Usalama wa taifa hao," alimwambia Mama Noorbanu kwa fahari. "Wananifuatilia."

"Wana kazi," akajibu Mama Noorbanu, akarekebisha miwani na kuendelea kuchambua mchele.

Mama Noorbanu alikuwa mjane wa miaka sabini na mbili. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Bukoba, na yeye aliingia Kanada mwaka 1972 na masanduku mawili. Kiswahili chake cha dukani hakijaguswa na baridi mpaka leo. Methodius naye ni wa Bukoba, ndiyo maana alipangishwa kile chumba cha chini bila maswali mengi. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na Mama Noorbanu alimwita kijana.

Sasa, habari ya serikali kuanguka ilimfikia pia Candide. Huyu ni Mrundi, mama wa kwaya, kazi yake kuogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliposoma kwenye blogu, kwa herufi kubwa, SERIKALI IMEANGUKA!!!, hakuuliza swali. Serikali zinazoanguka alizijua. Alijaza maji beseni la kuogea mpaka juu, akafunga vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki, akautia kifuani, akalala na viatu.

Asubuhi, saa kumi na moja na dakika kumi, basi likafika kwa wakati wake. Dereva akamwambia habari za asubuhi.

"Weye Methodius!" alimwakia Jumapili nje ya kanisa. "Serikali gani inaanguka na basi linakuja?"

"Dada Candide, hapa zinaanguka kistaarabu."

"Mimi nimelala na viatu, Monsieur Blogu! Na viatu!"

Lakini alimsamehe, kwa sababu alimhitaji. Candide na mama wenzake watatu wa kwaya walikuwa wameapishwa uraia majira ya kuchipua, na uchaguzi ulipangwa tarehe 23 Januari, katikati ya theluji. Candide alikuwa amepiga kura mara moja tu maishani, mwaka 1993, kwao. Ilipofika Oktoba ya mwaka ule, aliyempigia hakuwa hai tena, na baada yake wengi hawakuwa hai. Safari hii alitaka kitu kimoja: kura yake ifike, na ikae.

"Niachieni mimi," akasema Methodius. "Nitawaongoza hatua kwa hatua."

Na hapo ndipo mwiba ulipokuwa. Methodius hakuwa na kura!

Miaka kumi Kanada, na fomu ya kuomba uraia ilikuwa kwenye droo, chini ya soksi ambazo Mama Noorbanu humfulia na kumpangia, imejazwa yote isipokuwa saini. Sheria ya kwao Tanzania haina mchezo: ukichukua uraia wa kwingine, wa nyumbani umeutua. Kila aliposhika kalamu, mkono ulikuwa mzito kama unataka kusaini hati ya kumuuza mama yake. Akairudisha fomu chini ya soksi.

Angesema hivyo tu, nani angemcheka? Lakini mtu aliyeiangusha serikali anaanzaje kusema kwamba hana hata kura ya kuiangushia?

Akaandika badala yake *Mwongozo wa Mpiga Kura*, kurasa sita, zote kutokana na aliyoyaona Bukoba mwaka 1995. Fika kabla ya jogoo. Na kwa kuwa Malton haina jogoo, fika kabla ya ndege ya kwanza kutua. Njoo na kiti, chupa ya chai na mwavuli. Ukipewa penseli, ikatae, penseli hufutika. Na la mwisho, kwa herufi zake zile kubwa: HAKIKISHA UMEPAKWA WINO KIDOLENI. ASIYEPAKWA WINO, KURA YAKE IMELIWA!

*Si kweli,* akaandika yule asiye na jina. Safari hii aliandika mara nne, moja kwa kila agizo. Candide alikuwa ameshauchapisha mwongozo na kuuweka ndani ya Biblia.

Siku yenyewe, saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi dogo la kanisa lilisimama nje ya shule. Baridi ilikuwa digrii kumi na nne chini ya sifuri. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na askari wala kamba ya kupangia watu. Mabango ya wagombea yalikuwa yamezama kwenye theluji mpaka shingoni, yanatabasamu.

Candide akatazama kushoto, akatazama kulia. "Foleni iko wapi?"

"Sisi ndio foleni," akasema Methodius.

Wakapanga viti mbele ya mlango. Chai ikanywewa, ikaisha. Chupa nayo ikaganda. Saa moja akatokea mtunza shule na koleo lake, akawauliza kwa upole kama wamegoma, na wanagomea nini. Methodius akamweleza haki ya raia kwa nusu saa. Yule mzee akasikiliza yote, kisha akasema milango inafunguliwa saa tatu na nusu.

Saa tatu na dakika ishirini na tano Mama Noorbanu akafika kwa teksi, kadi ya mpiga kura mkononi, shali ya sufu begani.

"Mimi nimesali, nimeoga, nimekunywa chai na mkate wa mayai," akasema. "Nyinyi mmelala hapa?"

"Tunalinda kura, Mama."

"Nani anaiba kura kwenye baridi hii? Mwizi naye ana mama yake."

Milango ikafunguliwa. "Mtangulie," akasema Methodius. "Mwangalizi hupiga mwisho." Mama Noorbanu akamtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaingia.

Methodius akarudi mbio ndani ya basi. Mfukoni alikuwa na maka peni ya kazini, ya zambarau, ile wanayoandikia mizigo inayovunjika. Akavua glovu, akapaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto mpaka kifundo cha pili. Kikang'aa kama biringanya! Akakipiga picha tatu kwa ajili ya blogu. Ndio kwanza anakipuliza kikauke, mama wakawa wanatoka.

Zilikuwa zimepita dakika tisa.

"Imekwisha?" aliuliza, akishuka.

"Imekwisha," Candide akasema, kama mtu aliyeandaa ng'ombe akaletewa wageni wawili. "Kuna bibi anafuma soksi. Ameniita mpenzi. Amenipa penseli, nikaikatalia, akanipa nyingine iliyochongwa vizuri zaidi. Bon, nikatia alama. Na sanduku lao ni boksi la karatasi, Methodius! Kama la ndizi!"

"Na mimi nimeshapiga!" Methodius akatangaza. "Wanahabari tuna mlango wetu, nyuma huko." Akainua kidole juu, zambarau tupu, juu ya theluji nyeupe.



Candide akavua glovu moja, polepole. Akatazama kidole chake. Akageuza mkono, akatazama upande wa pili. Wenzake watatu wakavua zao. Vidole vinne, visafi kama vya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Wameila," akasema mmoja.

Candide akaketi kwenye kiti chake, palepale kwenye theluji. "Hata hapa," akasema.

Methodius akakishusha kidole. "Labda wino uliwaishia..."

"Umeishia kwa Warundi?" Candide akasimama, kiti kikaanguka. "Umeishia kwa kwaya? Twendeni!"

Wakarudi ndani kama kikosi, viatu vinamwaga theluji ukumbini, Methodius nyuma yao anasema jamani, jamani. Candide akafika kwenye meza ya bibi anayefuma, akagonga kidole chake juu ya orodha ya majina.

"Ink!"

Bibi akaweka chini soksi, akavaa miwani, akakichunguza kidole. "Umejikata, mpenzi?" Akafungua mkoba wake, akakizungushia plasta yenye picha za dubu.

"Sitaki plasta! Huyu mmempaka, mimi mmeninyima!" Kiingereza cha Candide kilikuwa kinatoka mbiombio, kimevaa kandambili. Akaushika mkono wa Methodius, akauinua juu mbele ya ukumbi mzima.

Bibi akakitazama kidole cha zambarau. Akauliza jina. Akafungua orodha kwenye R, akashuka na penseli mstari kwa mstari, akarudi juu, akashuka tena. Kisha akamwita msimamizi, bwana mrefu mwenye sweta lenye picha ya kulungu.

"Bwana," msimamizi akasema, kwa adabu ile ya Kikanada inayotisha kuliko kelele, "unasema umepiga kura hapa leo?"

Hapo Methodius aliiona njia ya kutokea. Angeweza kusema lolote kwa Kiingereza, akatabasamu, akaondoka na jina lake. Candide angeenda nyumbani na kura yake iliyoliwa. Angelala nayo kama alivyolala na viatu.

Akamtazama. Alikuwa bado ameushika mkono wake, plasta ya dubu kidoleni.

"Sikupiga," akasema kwa Kiingereza.

"Sema kwa Kiswahili!" Candide akamwamuru.

"Sikupiga kura. Sijawahi kupiga kura Kanada hata siku moja. Mimi si raia, dada Candide. Hapa hawapaki wino, na mimi sikujua, ningejuaje? Huu nimejipaka mwenyewe kwenye basi. Kura yenu haikuliwa. Imo ndani ya boksi."

Kutoka nyuma ya kikingio cha karatasi ikasikika sauti ya kikongwe: "Basi shusheni sauti! Watu bado tunachagua!"

Mama Noorbanu akatoka, akatumbukiza karatasi yake bila haraka, kisha akamfasiria bibi anayefuma jambo lote kwa sentensi mbili. Bibi hakucheka. Aliliinua lile boksi kidogo, akamwonyesha Candide kwamba limefungwa, akalipigapiga ubavuni kama mtu anayembembeleza mtoto.

Candide akalitazama boksi lake la ndizi. Mabega yakaanza kumtikisika. Methodius alidhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini kicheko ndicho kilichotoka, kikubwa, cha kwaya, mpaka msimamizi mwenye kulungu akacheka bila kujua anacheka nini.

"Monsieur Blogu!" Candide akasema alipopata pumzi. "Umeangusha serikali bila kura! Ungekuwa nayo si ungetumaliza!"

Njiani kurudi, mama wa kwaya waliimba. Methodius aliendesha, kidole kimeinuka juu ya usukani kama mgeni asiyejua akae wapi. Mama Noorbanu alikaa kiti cha mbele.

"Mama," akamuuliza kwa sauti ya chini, "ulipotia saini ile fomu, Bukoba haikukuuma?"

"Iliuma."

"Mpaka lini?"

"Jana nilikumbuka ngazi za duka letu, nikashindwa kula." Akaweka shali vizuri. "Kuuma hakuulizi pasipoti, kijana."

Wino ule haukutoka. Alijaribu sabuni, ndimu, chumvi na petroli. Kazini wenzake walikuja kumkabidhi vyombo vya udongo kwa mikono miwili, wakisema naye ni mzigo unaovunjika. Na Jumapili alipoingia kanisani, mama wanne wa kwaya waliinua vidole vidogo, visafi, wakaimba kibwagizo chote hivyohivyo.

Lakini siku ileile ya uchaguzi, alasiri, aliteremka chumbani kwake akafuta zile picha tatu. Akaufuta na mwongozo. Kisha akaandika makala fupi kuliko zote alizowahi kuandika:

"Kanada hawapaki wino. Mwandishi hakujua, kwa sababu alikuwa hajawahi kuingia ndani."

Akabonyeza. Akangoja usalama wa taifa.

Juu ya dari akasikia kiti kikivutwa. Akasikia vidole vikigonga, kimoja kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Akatazama dari. Akatazama skrini.

"Kweli," iliandikwa chini ya makala.

Kiti kikavutwa tena. Likafuata la pili:

"Panda juu, chai ipo. Njoo na ile fomu ya chini ya soksi. Kalamu nitakupa mimi."