Udi wa Machano na Bomba Langu

Ijumaa, 9 Januari

Bomba kavu. Tena Ijumaa, tena alfajiri, tena mimi! Nimelifungua, likakohoa mara moja kama mgonjwa wa pumu, likanyamaza. Nimeoga kwa maji ya birika. Mkaguzi wa shule mstaafu, niliyeogopwa na walimu wakuu kutoka Nungwi mpaka Makunduchi, nimeoga kwa birika!

Niliposhuka nilimkuta Machano barazani, chini ya jengo letu hapa Michenzani. Kanzu inameta, ndevu zimelowa, udi unanukia mpaka barabarani. Serahangi mstaafu huyu, msimamizi wa mabaharia melini enzi zake, anakaa ghorofa ya chini. Mimi nakaa ya juu kabisa. Maji hupita kwake kwanza. Akaniuliza mbele ya watu kama leo nimeoga au nimejipaka mate. Wakacheka. Mtu wa elimu hajibu, hukusanya ushahidi.

Na ushahidi ninao. Tangu Oktoba, kila alfajiri naandika ndoo nilizopata. Kila jioni naandika ukali wa udi unaopanda ngazi kutoka kwa Machano, kwa kipimo cha pua yangu, kutoka sifuri hadi tano. Udi ukipanda, kesho yake maji hayapandi. Anayejifukiza ni mtu aliyeoga. Anayeoga sana ana pampu. Nayo pampu ipo, chini ya ngazi, imefunikwa gunia. Pampu isiyo na kosa haifunikwi.

Jumamosi, 10 Januari

Nimemwomba binti yangu Nasima anifundishe hesabu za takwimu anazosomea chuoni. Amefurahi mno, masikini. Amedhani nimeanza kuipenda fani yake.

Akaeleza kuwa mtu huanza kwa kudhani kwamba hakuna jambo: udi na maji havihusiani kabisa. Kisha hujiuliza, kama kweli hakuna jambo, takwimu kama hizi zingeweza kutokea kwa bahati tu? Zikiwa za ajabu kupita kiasi, ndipo dhana ya kuanzia hukataliwa.

Nimeghadhibika. Yaani nianze kwa kudhani Machano hana kosa? Kwa nini nianze na uongo? Nasima akasema ndiyo insafu ya hesabu, kumtendea kila mtu haki. Nimekubali kwa shingo upande.

Baadaye Bi Salhiya, mke wangu, akanipa habari nyingine. Jumamosi ijayo kina Machano wanapanda kuja kumposa Nasima kwa ajili ya kijana wao Sabri. Nikah wanaitaka ndani ya Shaaban, kabla ya Ramadhani. Nasima alikuwa anatazama vidole vya miguu yake na kutabasamu. Kumbe nyumba nzima inajua isipokuwa mwenye nyumba! Mama yake akanionya kwamba habari za bomba zisitajwe mpaka posa ipite.

Sikutoa ahadi. Simwozi binti yangu katika nyumba ya mwizi wa maji. Kwanza mtihani, kisha jawabu.

Jumatano, 14 Januari

Ushindi! Thamani ya p ni ndogo kuliko punje ya uwatu. Kama udi na maji havihusiani, bahati ingeleta takwimu kama zangu mara moja tu katika elfu. Nikachora na regresheni, ule mstari unaopita katikati ya vitone. Kila daraja moja la udi linaninyima ndoo mbili. Mstari umeteremka kama ngazi zetu. Dhana kwamba Machano hana kosa nimeikataa rasmi, nikatia na sahihi.

Nasima ameuliza kama nimeingiza siku za wiki katika hesabu. Nikamwambia siku haina mikono ya kufungua bomba. Akauliza, taratibu, kama sikuwa na mafua mwezi wote wa Novemba. Pua ya mkaguzi haina mafua.

Jioni nilishuka kulikagua lile gunia. Machano akanikuta nimeinama. Nikasema natafuta paka. Akauliza paka gani. Nikasema wa kijivu. Akainama naye, akanisaidia kumwita, akachungulia kila upenyo, akanipa pole. Sisi hatuna paka.

Jumamosi, 17 Januari

Siku ya posa. Bi Salhiya alitandika mkeka mpya, akaweka kahawa na halua. Machano alikuja na wazee wenzake. Msemaji wao aliomba kwa Kiswahili safi. Sikupata la kusahihisha. Zamu yangu ikafika. Badala ya kujibu, nikasimama, nikaubandika ukutani mchoro wangu, uliochorwa nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

Nilieleza kila kitu. Vitone, mstari, thamani ya p. Nikamaliza kwa kusema kwamba nitatoa jawabu la posa Machano atakapokiri.

Nilitazamia agombe. Hakugomba. Aliweka kikombe chini.

"Bwana Kificho, usiku wa kuamkia Ijumaa, nani katika jengo hili hafukizi udi?"

Nikautazama mchoro wangu.

"Na Ijumaa asubuhi nani haogi?"

Nikasema mimi, kwa kukosa maji. Wazee wakacheka mpaka kahawa ikamwagika mkekani. Sikukusudia mzaha!

Machano akatuteremsha sote mpaka chini ya ngazi, akalifunua gunia. Pampu imeng'olewa mota zamani. Juu yake, katika tandiko la makumbi, kuku mwekundu ametamia mayai. Akatutazama sote, kisha akanidonoa mimi.

"Sisi tulikuja kuomba mtoto," Machano akasema. "Hatukuja kuhukumiwa. Posa yetu nayo tumeiteremsha."

Wakaondoka. Halua hawakuimaliza. Nasima alikuwa amesimama ngazini, amesikia yote.

Jumapili, 18 Januari

Chai bila sukari. Bi Salhiya hazungumzi nami. Anazungumza na sufuria, nazo zinajibu kwa sauti.

Adhuhuri Nasima aliketi mbele yangu na kompyuta yake. Alimwuliza mama yake ni jioni zipi chetezo chetu kiliwashwa, akaziweka mahali pa udi wa Machano. Ushahidi ukawa mzito zaidi ya ule wa kwanza.

"Kwa hesabu hii, Baba, mwizi ni Mama."

Kisha akaingiza siku za wiki. Ule mstari wangu ulioteremka vizuri ukalala kama mkeka. Udi haukubakiwa na la kusema, wala wa kwao wala wetu. Ijumaa jengo zima linafungua mabomba kwa pamoja, nasi tulio juu hatufikiwi. Basi. Hakuna mwizi. Nikasema kompyuta ina upendeleo.

Akaifunga.

"Sikukufundisha ili unifungie mlango," akasema, akaenda jikoni.

Alilia huko. Kuta za jengo hili ni nyembamba. Nimeghadhibika sana. Sijui namghadhibikia nani.

Jumatatu, 19 Januari

Nimeshuka. Ngazi zote, mchana kweupe, jirani wote wakiwa kwenye roshani kama wanasubiri gwaride.

Nikamwambia Machano kwamba namtaka radhi kwa kiwango cha uhakika cha asilimia tisini na tano. Akauliza zile tano ziko wapi. Nikasema nimeziweka akiba, kwa sababu ya yule kuku, ambaye tabia yake hainiridhishi.

Machano akacheka, akakohoa, akajipiga goti. "Mzee mzima weye, Kificho, na hata samahani huijui kuitoa nzima." Akaniagizia kahawa na kashata. Kashata ilikuwa ngumu. Nimeila bila malalamiko, kwa ajili ya Nasima.

Baada ya magharibi posa ilipanda tena. Nilisema ndiyo kabla msemaji wao hajafika mwisho wa sentensi. Bi Salhiya ametia sukari.

Ijumaa, 6 Februari

Nikah imefungwa msikitini baada ya alasiri. Bomba kavu, bila shaka. Nimemwoza binti yangu kwa maji ya birika! Machano alinikumbatia mbele ya watu akaninong'oneza kama paka amepatikana.

Usiku jengo zima limenukia udi. Kwa mazoea nimeandika tano. Nasima ameteremka kwenda kwa mumewe. Ni ghorofa ya chini tu, lakini Bi Salhiya analia kama mtoto amepanda meli kwenda Muskati. Nimemwambia anyamaze, ngazi hazijavunjwa. Kisha nikaenda kuzitazama kama hazijavunjwa.

Ijumaa, 13 Februari

Ajabu! Alfajiri nimefungua mlango nikakuta madumu ya maji, yamejaa, yamefunikwa vizuri, yamepangwa ukutani. Sabri alikuwa anashuka kwa kunyata, kanzu imelowa ubavu mzima. Akageuka akasema shikamoo. Nikasema marahaba. Akasema Nasima ananisalimu, na kwamba watayaleta kila Ijumaa, inshallah. Akaenda zake.

Bi Salhiya anasema haya ni mapenzi na adabu, na nifunge mdomo nikaoge. Nimeoga. Nimejimwagia mpaka kichwani. Ndevu zimelowa! Nimesimama barazani, nimekwenda msikitini nikinukia, na aliyetaka kuona ameona.

Lakini baada ya sala nimekaa nikafikiri kisayansi. Kabla Nasima hajahamia ghorofa ya chini, madumu hayakuwapo. Amehamia, madumu yapo. Binti yangu amekaa kwao wiki moja, ameona yaliyomo ndani, na dhamiri haikumpa usingizi. Kwani maji hurejeshwa na nani? Na aliyeyachukua! Asiyeiba hana cha kurejesha. Zile asilimia zangu tano zilikuwa na haki yake.

Simwambii mtu bado. Nimechukua kalenda nyingine, nikaigeuza nyuma, nikachora safu mbili. Ya kwanza ni madumu. Ya pili ni uso wa Machano anaponisalimu, kutoka sifuri hadi tano.

Leo alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Nimeandika tano. Hatia tupu.